Barua ya Ijumaa, Darasa la Pili B

Wazazi na walezi wapendwa, Bwana asifiwe.
Mashine ya ofisi ya kanisa imebakiza wino kidogo,
kwa hiyo habari za wiki nitazibana.

Jumatatu tulikuwa ishirini na sita.
Kumi na wanne walikuwa mabanini. Najua,
tumbaku ikishakauka haiulizi kalenda ya shule,
na hapa Urambo nani hajavaa sare ya tumbaku?
Ila wakirudi, vidole vimeganda utomvu mweusi,
penseli ikishikwa haitaki kuachwa.
Naomba ndimu moja kila nyumba.

Jumanne Mihayo aling'oka jino katikati ya sala,
palepale penye riziki,
akalinyanyua juu, darasa zima likafumbua macho.
Hakuna aliyefika Amina.
Niliwaacha wacheke. Nadhani na Mungu
alilichungulia lile pengo.

Tatu mara saba bado inatushinda.
Watoto hawa wanajua mizinga ya baba zao kwa idadi,
wanajua debe lipi limepungua,
lakini ishirini na moja inawaponyoka kama sabuni kisimani.
Mkiwa mnapakua ugali, waulizeni.

Jumatano mvua ilipiga bati hatukusikilizana,
tukachora: nyumbani kuna nani?
Shija alichora watu watano wazima na mmoja nusu,
kuanzia kiunoni kwenda juu.
"Huyu baba. Yuko Mpanda. Anakuja kidogo kidogo."
Nimeubandika karibu na dirisha.
Baba Shija, ukipita, miguu haijachorwa bado.

Mstari wetu wa kukariri ni ule wa Zaburi,
neno lako ni taa ya miguu yangu.
Nsabi anasema "taa ya mguu wangu", mmoja tu,
maana wa pili, anasema, umefungwa bandeji,
hauoni kitu.

Sizya amepata mdogo wake wa kike, kilo tatu na robo.
Babu yake Mkasiwa bado amelazwa, tunamwombea.
Mama Kulwa na Doto, asante kwa michembe:
iliisha kabla sijamaliza kusema asante.

Nakala thelathini na tisa zinaishia hapa.
Hii moja inaendelea kwa mkono.

Jana bibi yake Kalunde alikuja,
miguu ina vumbi la kutoka ng'ambo ya reli,
mwangaluka, mwalimu, akanishika mikono yote miwili,
akanishukuru kwa maneno yangu ya wiki iliyopita:
kwamba mjukuu wake ndiye anayesoma kuliko wote,
kwamba huwafunga wadogo vifungo,
kwamba mama yake, huko alikolala, angefurahi.

Sikuandika hayo.
Niliandika kwamba Kalunde anasinzia kila asubuhi
na ninaomba mlezi afike shuleni.
Basi mlezi alifika, amejifunga kitenge cha kanisani,
na macho yake hayajui hata a.

Nilisimama pale mlangoni na ukweli wangu mkononi,
mkubwa, hauna pa kuwekwa.
Nikasema, "Ndiyo, bibi."
Nikashangaa: hapakuwa na uongo wowote katika yale aliyosomewa.
Vifungo huwafunga kweli.

Kalunde, najua ni wewe unayeisoma sasa,
kibatari kiko kushoto, bibi amekaa kwenye kigoda.
Unasoma vizuri, mwanangu, hata pasipoandikwa.
Lakini mstari huu usome kama ulivyo, neno kwa neno:

*Bibi, mtoto anaamka saa kumi usiku kuteka maji.
Anachoka. Mama Kulwa anakaa jirani na kisima,
amesema ndoo mbili za asubuhi ni zake.*

Umemaliza? Vuta pumzi.
Sasa ongeza unachotaka.

Wenu katika Kristo,
Mwalimu Nyanzala.

Msisahau ndimu.